Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu The Devotion of Suspect X, riwaya ya Keigo Higashino

Maswali ya 1 hadi 9 yanaweza kusomwa na mtu ambaye hajafungua kitabu. Kuanzia swali la 10 siri zote ziko nje, kwa hiyo kama hujamaliza, ishia hapo kwanza.

## Ya kuanzia

1. Hii ni riwaya gani, na kwa nini watu hawaishi kubishana juu yake?

Ni riwaya ya upelelezi ya Mjapani Keigo Higashino, iliyotoka kama kitabu mwaka 2005 baada ya kuchapishwa kwa vipande katika jarida. Yasuko Hanaoka anamlea binti yake Misato peke yake jijini Tokyo, na anafanya kazi kwenye duka la bento, yaani chakula cha kufungasha. Mtalaka wake, Togashi, hamwachi apumue. Kila anapohamia anamfuata kudai pesa. Jioni moja anafika hadi nyumbani. Patashika inazuka, na mama na binti wanamuua humo humo kwa waya wa umeme wa kotatsu, ile meza fupi yenye hita chini yake.

Jirani wa mlango wa pili, Ishigami, mwalimu wa hisabati wa sekondari, anakuja kuuliza kelele za nini. Anaambiwa ni mende walikuwa wakifukuzwa. Anarudi kwake, kisha anapiga simu: ameshaelewa kilichotokea, na yuko tayari kusaidia.

Kitabu kilipata Tuzo ya Naoki, ambayo ni ya fasihi kwa jumla na aghalabu haiendi kwa hadithi za mauaji, na mwaka 2006 kikachukua pia Tuzo ya Honkaku, ambayo ni ya mafumbo halisi. Ugomvi uko sehemu mbili. Kuna wanaosema fumbo halikuchezwa kwa haki (swali la 9 na la 11), na kuna wanaosema sisi wasomaji tumemlilia mtu asiyestahili machozi (swali la 12). Mimi naona ugomvi wa pili ndio mzito, ingawa wa kwanza ndio uliopigiwa kelele zaidi.

2. Kama muuaji anajulikana tangu sura ya kwanza, kinachobaki kutafutwa ni nini?

Kinachotafutwa ni alichofanya Ishigami baada ya kukata simu ile. Sisi tunajua aliyeua, silaha aliyotumia na sababu yake. Polisi hawajui lolote kati ya hayo. Wanachokuta ni maiti kando ya mto Kyu-Edogawa, uso umepondwa, ncha za vidole zimechomwa, nguo zimeungua nusunusu, na baiskeli mpya ya wizi iko jirani. Wanamfikia Yasuko upesi na kumuuliza alikuwa wapi usiku wa tarehe 10 Machi. Anajibu kwamba alikuwa sinema na binti yake, kisha wakala tambi, kisha wakaenda kuimba karaoke.

Utamu unaanzia hapo. Maelezo yake yana matobo, maana hakuna aliyewaona kwa saa zote, na vipande vya tiketi vinapatikana ndani ya kijitabu cha filamu kama vile mtu angevitunza bila kuwaza. Polisi wanayavuta huku na huko na hayakatiki. Msomaji anajiuliza huyu mwalimu amewafundishaje watu wawili kudanganya vizuri kiasi hiki.

3. Je, lazima nianze na vitabu vilivyotangulia katika mfululizo?

Hapana. Profesa Manabu Yukawa, mwanafizikia anayeitwa Mpelelezi Galileo, alianza katika mikusanyiko miwili ya hadithi fupi ya mwaka 1998 na 2000. Hii ndiyo riwaya ndefu ya kwanza ya mfululizo huo. Unachohitaji kujua ni kwamba yeye na mpelelezi Kusanagi wamesoma chuo kimoja, na kwamba polisi wakikwama humwendea. Safari hii kuna zaidi: Yukawa na Ishigami walikuwa pamoja chuoni, na Yukawa hajawahi kukutana na akili nyingine kama ile.

4. Wengi wanaisoma kwa lugha gani?

Wasomaji wa huku kwetu wengi wanashika tafsiri ya Kiingereza ya Alexander O. Smith, iliyotoka 2011 na kuingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Edgar ya Marekani mwaka uliofuata. Sentensi ni fupi, msamiati ni wa kawaida. Kinachowapoteza watu ni majina: Kusanagi, Kishitani, Kudo. Shika hivi: wawili wa kwanza ni polisi, na Kudo ni mwanamume mwenye pesa zake aliyekuwa mteja wa Yasuko enzi alipokuwa akifanya kazi kwenye kilabu cha usiku, ambaye sasa amerudi kumtaka.

5. Inafanana na hadithi zetu za Bwana Msa au Willy Gamba?

Na Willy Gamba hapana, maana hakuna bastola wala mbio za magari. Kwa Bwana Msa kuna undugu kidogo: mtu mtulivu anayekaa, anawaza na kuuliza swali ambalo kila mtu analiona la kipuuzi. Tofauti ni kwamba Bwana Msa anapofumbua, unapumua. Hapa mpelelezi mwenyewe anatamani asingefumbua.

## Malalamiko na sifa zinazorudiwa

6. Watu wanasema katikati panachosha. Ni kweli?

Ni kweli kwa kiasi. Kusanagi anarudi duka la bento, anarudi kwa Ishigami, anarudi ofisini na kuyasimulia yale yale kwa bosi wake. Higashino alisomea uhandisi wa umeme na aliajiriwa katika kampuni ya vipuri vya magari kabla ya kuishi kwa kalamu, na nathari yake ina ukavu huo: nani alifika, alikaa wapi, alisema nini, basi. Anayetafuta maelezo marefu ya machweo juu ya mto atakufa njaa.

Lakini ukavu huo ni kificho. Mambo makubwa yanapitishwa mbele yako kwa sauti ile ile inayotumika kueleza bento la leo lina nini. Chukua matembezi ya Ishigami kwenda kazini. Anashuka ngazi hadi ukingo wa mto Sumida, anapita kwenye mahema ya plastiki ya buluu ya watu wasio na makazi, anamwona mmoja anaponda makopo, mwingine ana paka, na mmoja mgeni ambaye bado anajitunza na kusoma jarida la kiufundi. Ishigami amempachika jina la Mhandisi kichwani mwake. Kisha anafika dukani, ananunua chakula na kwenda kufundisha. Wasomaji wengi wanaruka kurasa hizo.

Kinachonichosha mimi ni zile jioni za Kudo na Yasuko mezani. Hapo nakubaliana na walalamikaji moja kwa moja.

7. Mbona Yasuko amechorwa kama mtu asiye na uamuzi?

Lalamiko hili linatoka sana kwa wasomaji wanawake, na lina uzito. Kwa sura nyingi Yasuko anasubiri simu. Ishigami anampigia kila jioni kutoka kibanda cha simu cha umma, anampa maelekezo, anakata. Yeye anatii. Misato, aliyeshiriki katika tukio lenyewe, anapewa mistari michache hata kuliko mama yake.

Hata hivyo, soma vizuri hofu yake inavyobadilika. Mwanzo anaogopa polisi. Baadaye anaanza kumwogopa mwokozi: je, sasa ana ruhusa ya kutoka na mwanamume mwingine? Amemkimbia mwanamume aliyekuwa akimfuata kila anakohamia, na ameangukia mikononi mwa mwingine anayejua siri yake yote na kukaa nyuma ya ukuta. Higashino ameliona jambo hilo na kuligusa, kisha akaliacha njiani.

8. Nitahitaji kujua hisabati? Na filamu je, nianze nazo?

Hisabati huhitaji. Linatajwa tatizo la rangi nne, lile la ramani ambayo nchi zinazopakana hazipaswi kufanana rangi. Lilithibitishwa 1976 kwa msaada wa kompyuta, na Ishigami haoni uzuri wowote katika uthibitisho huo. Yukawa naye anamuuliza lipi ni gumu zaidi: kutunga swali lisilojibika, au kulijibu? Lakini la kukaa nalo ni maneno ya Ishigami kuhusu mitihani yake. Anapenda kutunga swali linaloonekana la jiometri, kumbe ni la fomula za aljebra. Mwanafunzi aliyekariri anazama.

Filamu ziache mpaka umalize. Ya Japani ni ya 2008, Masaharu Fukuyama akiwa Yukawa na Shinichi Tsutsumi akiwa Ishigami. Imetulia na inakifuata kitabu kwa karibu. Korea Kusini walitengeneza yao 2012, China 2017. Wahindi nao mwaka 2023 waliihamishia hadithi mji wa milimani wa Kalimpong katika Jaane Jaan, Kareena Kapoor akiwa mama. Tsutsumi anasifiwa sana, ila wengine wanasema ana sura nzuri kuliko Ishigami wa kitabuni, mnene, mwenye macho madogo na nywele zilizokimbia. Nao wana hoja, kwa sababu sura ya Ishigami ni sehemu ya ushahidi: Yukawa anaanza kumshuku pale anapomsikia akisikitikia mwonekano wake, jambo ambalo rafiki yake wa zamani hakuwahi kulijali.

9. Honkaku ni nini, na ubishi wake ulihusu nini?

Honkaku ni jina la Wajapani kwa hadithi ya upelelezi ambayo msomaji anapewa dalili zote na anaweza kushindana na mpelelezi. Kitabu hiki kilipoongoza orodha za mafumbo bora ya mwaka, mwandishi Reito Nikaido alipinga hadharani. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba dalili zilizowekwa hazimfikishi msomaji kwenye jibu moja tu, na kwamba Yukawa mwenyewe anafika kwa kukisia. Wengine wakajibu, mjadala ukaendelea hadi 2006, na Tuzo ya Honkaku ikatolewa kwa kitabu hicho hicho.

Huwezi kupima hoja hiyo bila kujua mwisho. Maoni yangu yako swali la 11.

## Kwa waliomaliza tu

10. Nimemaliza lakini sijaelewa vizuri. Ishigami alifanya nini hasa?

Togashi aliuawa tarehe 9 Machi. Maiti ya kando ya mto si yake.

Tarehe 10 Ishigami alimchukua Mhandisi, yule mgeni wa mahema ya buluu, akamwambia ana kazi ya kumpa. Akamweka kwenye chumba cha kupanga alichokuwa akilala Togashi, nywele zake na alama za vidole zikabaki humo. Vidole hivyo hivyo vikagusa baiskeli. Usiku akamuua, akamponda uso na kumchoma ncha za vidole, lakini kwa namna ambayo polisi wangeweza kulinganisha kilichobaki na kile cha chumbani. Vikalingana. Jina lililopatikana likawa la Togashi. Togashi halisi alikuwa amekatwakatwa na kutupwa mto Sumida.

Kwa hiyo mama na binti hawakufundishwa kudanganya. Tarehe 10 walikwenda sinema kweli, wakala tambi kweli, wakaimba kweli. Polisi walikuwa wakijaribu kuvunja ukweli. Na wao wenyewe hawakujua kwa nini wanaulizwa habari za siku isiyohusika. Ndilo lile swali la jiometri la namba 8.

Ishigami akaweka na kinga ya mwisho. Mambo yakibana atajisalimisha, ajiite mfuatiliaji mwenye wivu aliyemuua mtalaka. Barua za vitisho na picha alizompiga Kudo zilikuwa za kumjengea sura hiyo. Na kwa kuwa ameua kweli, hatakuwa na haja ya kubuni kisa.

11. Basi tulipewa dalili za kutosha au la?

Mimi nasema tulipewa, ila kwa ubahili. Sura ya kwanza haisemi popote kwamba ni tarehe 10. Ni sisi tuliounganisha. Mhandisi anaonyeshwa mapema, kisha haonekani tena. Baiskeli iliyoibwa ni mpya, wakati mwizi mwenye haraka huchukua kuukuu isiyofungwa. Mpya huchaguliwa ili mwenyewe akaripoti na tarehe ijulikane. Na mtu makini kama Ishigami aliachaje nguo ziungue nusu tu?

Nikaido ana haki kwenye jambo moja. Dalili hizi zinakuwezesha kushuku. Hazikufikishi kwenye uhakika. Hakuna hatua ambayo msomaji anaweza kusema jibu lingine haliwezekani kabisa. Anayetaka hesabu iliyofungwa atabaki na kinyongo, na sioni sababu ya kumbembeleza.

12. Hii si hadithi ya mapenzi? Mbona wengine wanasema ni ya kutisha?

Wanaoiita ya mapenzi wana ukurasa wao. Karibu na mwisho tunaambiwa kwamba Ishigami alikuwa amekwisha kuandaa kamba ya kujinyonga. Kipaji chake kilizikwa katika kufundisha vijana wasiotaka kujifunza, na hakuona sababu ya kuendelea. Kengele ya mlango ikalia: majirani wapya, mama na binti, wamekuja kusalimia. Hakutaka kuwagusa wala kupendwa nao. Aliwasikia wakiongea nyuma ya ukuta, na hiyo ikamtosha kuishi. Nimewaona watu wazima wakilia kwa ukurasa huo, nami sikuwa mbali nao.

Halafu rudi kwa Mhandisi. Alikuwa bado ananyoa ndevu, bado anasoma jarida la fani yake. Maana yake alikuwa hajakata tamaa ya kupata kazi. Ishigami aliijua tamaa hiyo, ndiyo maana alimvuta kwa ahadi ya ajira. Togashi aliuawa katika purukushani, na Yasuko ana lake la kujitetea. Mhandisi aliuawa kwa sababu hakuna ambaye angeripoti kwamba amepotea. Katika kisa kizima hicho ndicho kifo pekee kilichopangwa, na ndicho ambacho wengi hawakitaji wanapoeleza kitabu hiki kinahusu nini.

Wengine wanamlaumu Higashino kwa kumtumia mtu huyo kama kifaa. Mimi naona lawama inatugeukia sisi. Tulimwona, tukaambiwa anavyovaa na anachosoma, kisha tukakaa kitabu kizima tunaomba Yasuko asikamatwe bila kuuliza ni nani amepungua pale mtoni. Ishigami alitegemea polisi wawe hivyo, na sisi tukawa hivyo. Lakini nasikitika kwamba baada ya ukweli kutoka, kitabu hakimpi Mhandisi hata jina, na mayowe ya mwisho ni ya Ishigami.

13. Yukawa alikosea kumwambia Yasuko ukweli?

Hapa wasomaji wamegawanyika vibaya. Upande mmoja unasema alibomoa sadaka ya rafiki yake bila faida: Ishigami alishajisalimisha, Kudo alishatoa pete, mama na binti wangeishi. Upande wa pili unasema Yasuko alikuwa na haki ya kujua maisha yake yamelipiwa kwa nini.

Wanaoshika upande wa kwanza wanasahau Misato. Kabla mama hajaenda polisi, mtoto alijaribu kujiua shuleni. Mpango ulikokotoa kila kitu isipokuwa msichana aliyeshika mikono ya mtu anayekufa na kutakiwa kesho yake aende shule kama kawaida. Yukawa angenyamaza, hilo lisingenyamaza.

14. Kwa nini hawakwenda polisi tangu mwanzo na kusema walijihami?

Yasuko analiwaza. Kinachomzuia ni Misato: yeye ndiye aliyempiga Togashi kwanza, kwa chombo cha maua, kutoka nyuma. Ishigami naye haoni njia ya kumtoa binti kwenye kesi.

Kisheria haikuwa mlango uliofungwa. Kifungu cha 36 cha Kanuni ya Adhabu ya Japani kinakubali kujihami, na hata mtu akizidisha kipimo, mahakama inaweza kumpunguzia au kumwondolea adhabu. Togashi alikuwa akimpiga mtoto wakati mama anachukua waya. Wakili mzuri angekuwa na pa kuanzia. Watu wa sheria wakisoma kitabu hiki huishia kukitupa mezani wakisema wote wale waliangamia kwa kukosa ushauri wa nusu saa, na siwezi kusema wamekosea.

15. Nimeona filamu ya Drishyam. Si ni kitu kile kile?

Swali hili linakuja kila mara, hasa kwa waliotazama ile ya Kihindi ya 2015 ya Ajay Devgn, iliyotokana na ya Kimalayalam ya 2013. Zote mbili zina familia iliyoua mchokozi na zinacheza na siku. Namna ya kucheza ni tofauti. Kule baba anapanda kumbukumbu za uongo kwa mashahidi, waamini kwamba jambo la siku moja lilitokea siku nyingine. Hapa hakuna shahidi aliyedanganywa kuhusu siku. Kinachohamishwa ni kifo chenyewe. Na kule hakuna Mhandisi, ndiyo maana unaweza kumshangilia baba yule kwa moyo mweupe.

16. Nisome kipi baada ya hiki?

Kama ulipenda akili ya mpango kuliko machozi, chukua Salvation of a Saint ya 2008, Yukawa na Kusanagi tena: mume anakufa kwa sumu kwenye kahawa jijini Tokyo wakati mke, anayeshukiwa, yuko Hokkaido. Muuaji anakaribia kujulikana mapema kama hapa, na fumbo ni namna sumu ilivyofika kikombeni. Kama kilichokushika ni Misato na mizigo ya watoto, A Midsummer's Equation ya 2011 itakufaa zaidi. Yukawa anakaa kwenye mji wa pwani na kujikuta akimfundisha fizikia mvulana mdogo, na kumjali kuliko alivyotarajia.